Mistari ya WiFi imejaa yote lakini intaneti haifunguki: tatizo huwa liko wapi?

#1 Mpangaji wa Sinza
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe jambo ambalo kila fundi ananipa jibu lake.

Nimepanga ghorofa ya pili, nyumba ina wapangaji sita. Mwenye nyumba amevuta mkongo mmoja, unaishia chini ya ngazi. Pale pana kiboksi cha kampuni na swichi, halafu kila ghorofa pamefungwa kiboksi cha WiFi kwenye korido. Mle vyumbani kuna matundu ya waya ukutani kwa anayetaka. Tunachangia kila mwezi.

Mchana mambo safi. Ikishafika saa mbili usiku, simu inaonyesha mistari yote lakini ukurasa haufunguki, video inazunguka tu, ujumbe wa WhatsApp unakaa na kale kasaa kake. Nikizima WiFi nikatumia bando, kila kitu kinapita.

Fundi wa kwanza kasema ruta imechoka. Wa pili kasema modemu. Wa tatu kasema ni DNS, akabadilisha kitu kwenye simu, akachukua hela yake akaondoka, na usiku hali ikawa ileile. Mimi ni mhasibu, haya maneno nayasikia tu. Nataka kujua kila kimoja kinafanya nini, ili nikimwita fundi wa nne nijue namlipia nini.

#2 Kibaraza
Mistari imejaa halafu intaneti hakuna? Hiyo ruta mbovu mkuu. Nunua mpya yenye antena nyingi, ulale.

#3 Fundi Nyaya
Kibaraza usimtie mwenzako gharama kabla hatujapima chochote.

Mkuu Mpangaji, ile mistari inapima kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na kiboksi cha korido. Uchomoe sasa hivi waya wa mtandao unaoingia kwenye kile kiboksi, ukiacha wa umeme, mistari itabaki imejaa vilevile na intaneti itakuwa sifuri. Kwa hiyo mistari haijawahi kuahidi intaneti.

Data yako inapita vipande vitatu. Simu hadi korido. Korido hadi chini ya ngazi. Chini ya ngazi hadi kwa kampuni na huko duniani. Mafundi wako wote watatu wametaja kifaa bila kusema kipande kipi kimekatika.

Majina sasa. Kile cha korido kinaitwa aksesi pointi, kazi yake ni kugeuza yaliyomo kwenye waya kuwa mawimbi na mawimbi kuwa waya, basi. Swichi inaunganisha nyaya za nyumba moja na kupeleka kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kwenye tundu la mwenyewe. Ruta ndiyo inayounganisha mtandao wa nyumba yenu na mtandao wa nje, na kwa kawaida ndiyo inayogawa anwani kwa simu zote. Kiboksi cha kampuni kinageuza mwanga wa mkongo kuwa umeme. Watu wanakiita modemu. Vingi vya siku hizi vimebeba ruta, swichi na WiFi ndani ya ganda moja, ndiyo maana fundi mmoja anakiita ruta na mwingine modemu, na wote wamekishika kilekile.

#4 Dada wa Tanga
Asante Fundi, hapo nimeelewa. Nidandie uzi kwa swali langu. Nimelipia kifurushi cha 20 kwa sekunde. Nikishusha faili, kompyuta inaandika 2.5 tu, haizidi. Naibiwa?

#5 Fundi Nyaya
Huibiwi dada. Kampuni zinauza kwa megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. 20 gawa kwa 8 ni 2.5, umepewa haki yako yote. Faili la megabaiti 700 kwa kasi hiyo ni sekunde 280, chini kidogo ya dakika tano. Angalia herufi: kwenye Mbps b ni ndogo, ni biti. Kwenye MB B ni kubwa, ni baiti. Wengi wanaogombana na kampuni zao hawajaiangalia hiyo herufi.

#6 Mzee wa Masafa
Nimefanya kazi ya redio za mawasiliano kabla hizi WiFi hazijafika nchini, nichangie upande wangu.

Mpangaji, kipande cha kwanza cha Fundi ndicho ninachokishuku. WiFi ni redio. Kiwango chake cha kwanza, 802.11, kilitoka 1997 na kilikuwa na megabiti 2 tu kwa sekunde. Leo tunazungumzia mamia na zaidi, lakini kanuni moja haijabadilika: vifaa vilivyo kwenye chaneli moja vinapokezana hewa. Ni kama baraza ambalo anayesema ni mmoja na wengine wote wananyamaza hadi amalize. Simu yako inasikiliza kwanza, ikikuta hewa ina mtu inasubiri.

Sasa bendi ya gigahezi 2.4 ni nyembamba. Chaneli 1 iko megahezi 2412, ya 6 iko 2437, ya 11 iko 2462. Chaneli zinapishana kwa megahezi 5 tu, wakati kila moja inahitaji upana wa kama 20. Ndiyo maana zisizogongana ni tatu: 1, 6 na 11. Sinza nyumba zimebanana. Saa mbili usiku kila familia imerudi, kila ruta inasema. Simu inaona mawimbi yenye nguvu, kweli, ila haipati zamu.

Weka programu ya kuchunguza WiFi kwenye simu, utuambie unaona nini.

#7 Mpangaji wa Sinza
Shikamoo mzee. Nimeweka. Nikisimama sebuleni naona majina zaidi ya ishirini. Kuna vilima vimelundikana pale kwenye 6, vimepandana hadi havisomeki. Wawili wako kwenye 3 na mmoja kwenye 4. Ya kwetu nayo iko 6. Kwenye 11 kuna mmoja tu, tena mdogo. Pembeni ya jina letu pameandikwa -48 dBm.

#8 Kibaraza
Si nilisema? Hasi 48, iko chini ya sifuri. Mawimbi mabovu hayo.

#9 Mzee wa Masafa
Marahaba Mpangaji. Kibaraza, hapana. Kipimo hicho kinalinganisha na miliwati moja. Sifuri ni miliwati moja kamili, na WiFi inapokelewa chini ya hapo siku zote, kwa hiyo namba huwa hasi daima. Inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo na nguvu. -48 ni nzuri sana. -67 bado unapiga simu ya video. -80 ndiyo unaanza kuteseka. Na kila 10 ni mara kumi: aliye -50 anapokea nguvu mara elfu ya aliye -80.

Hao walio kwenye 3 na 4 ndio wabaya kuliko walio kwenye 6. Aliye kwenye 6 mwenzako mnasikizana na kupokezana. Aliye kwenye 4 anawaingilia nusunusu, hamuelewani naye, anakuwa kelele tu. Hamisheni ya kwenu kwenda 11. Kama kiboksi kina gigahezi 5, washeni na hiyo. Chaneli zake ni nyingi, ila ukuta unaichosha haraka zaidi.

#10 Mama Duka
Mzee nakuheshimu lakini mimi nauza vocha za WiFi mtaani, na jambo hili naliona kila siku ya Mungu. Saa mbili usiku ni watu tu. Wapangaji sita, kila mmoja ana simu mbili, runinga ya intaneti, mtoto na tableti. Kifurushi ni cha megabiti ngapi? Mpangaji hujasema. Kama ni 10 mnagawana kaya sita, hata mkae chaneli ya peponi haitatosha.

Mimi kwenye ruta yangu kila mteja nimemkatia kasi yake. Kabla ya hapo, mteja mmoja akishusha michezo ya kompyuta, waliobaki wote wananirudishia vocha.

#11 Mpangaji wa Sinza
Mama Duka, mwenye nyumba anasema ni 20.

#12 Mwana wa Likoni
Salaam aleikum wenzangu, niko Mombasa. Nyote mwaangalia ndani ya nyumba, mimi nawaomba mtazame baharini. Kabla ya 2009 pwani yetu hii yote ilitegemea setilaiti. Ile ya mbali iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lapanda na kushuka, jibu lapanda na kushuka, jumla yakaribia nusu sekunde hata mawimbi yaende kasi ya mwanga. Kisha 2009 zikaja kebo za baharini SEACOM na TEAMS, na 2010 EASSy, ndipo tukapumua. Lakini kebo zikikatika mwaona wenyewe: Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, tarehe 12, na kote huku na huko kwenu mtandao ukawa wa kusukuma.

Usiku watu wote wa kanda wako mtandaoni, njia ya nje yajaa. Kampuni iliyonunua njia ndogo ya nje, wateja wake wataumia usiku na mchana watakuwa sawa. Hivyo ndivyo asemavyo Mpangaji.

#13 Mlinzi wa Pakiti
Likoni umesema vizuri kuhusu kebo, lakini Mpangaji kwenye #1 ameandika bando la simu linapita saa hizohizo. Bando nalo linatoka nje kupitia baharini.

#14 Mwana wa Likoni
Nimeliona. Kampuni ya simu na kampuni ya mkongo si lazima wanunue njia moja. Mmoja aweza kuwa na nafasi na mwenzake amebanwa. Hoja yangu bado yasimama.

#15 Fundi Nyaya
Mabishano haya yanapimika, tuache kukisia. Mpangaji, una kompyuta? Fungua ile dirisha nyeusi ya amri, andika `ping 192.168.1.1`, hiyo kwa kawaida ndiyo ruta yenu. Kisha `ping 8.8.8.8`, hiyo ni seva ya Google ya DNS, ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, iko nje ya nyumba. Ping inatuma pakiti ndogo na kuhesabu milisekunde hadi irudi. Fanya mchana, fanya usiku. Usiku fanya mara mbili: kwa WiFi, halafu kwa waya kutoka tundu la ukutani. Ruta ikichelewa kwa WiFi lakini si kwa waya, Mzee kashinda. Ruta ikijibu haraka na 8.8.8.8 ikachelewa, Mzee aondoke mezani, wabaki Mama Duka na Likoni.

#16 Dada wa Tanga
Hiyo 192.168.1.1 mbona hata kwangu Tanga ndiyo hiyohiyo? Tuna ruta moja na Mpangaji?

#17 Mlinzi wa Pakiti
Dada, swali zuri mno. Anwani za IP za toleo la nne ni biti 32, jumla yake ni kama bilioni 4.3, na hazitoshi dunia. Kwa hiyo kuna mafungu yaliyotengwa yatumike ndani ya nyumba na maofisi bila kuomba ruhusa ya mtu: yanayoanza na 10, ya 172.16 hadi 172.31, na ya 192.168. Hayo hayatembei nje. Ruta yako ina anwani yako ya ndani na nyingine ya nje, na kila pakiti inapotoka inabadilishiwa anwani ya mtumaji. Kazi hiyo inaitwa NAT. Wewe na Mpangaji mnaweza kuwa na 192.168.1.1 milele na msikutane.

Anwani za nje ndizo zenye mgawaji. Kwa Afrika ni AFRINIC, makao yake Mauritius. Kwa vile zimeadimika, kampuni nyingi zinawafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukikuta ruta yako upande wa nje imepewa anwani kati ya 100.64 na 100.127, ujue uko kwenye kundi hilo. Ndiyo sababu wengi wanashindwa kuangalia kamera za nyumbani wakiwa safarini, hata wafungue milango yote kwenye ruta. Toleo la sita lina biti 128 na lingemaliza shida hii, ila kampuni nyingi bado zinasuasua.

#18 Mpangaji wa Sinza
Wakuu nimerudi na majibu. Mchana kwa WiFi: ruta 2 hadi 4 ms, 8.8.8.8 ni 24.

Usiku kwa WiFi, ruta: 3, 5, 180, 4, 260, 6. Inaruka hivyo. 8.8.8.8: 640, 710, halafu mistari miwili "Request timed out", halafu 590.

Usiku kwa waya, ruta: 1, 1, 1, 1. 8.8.8.8: 580, 610, 575, halafu kama dakika nzima hakuna jibu kabisa, halafu 600 tena.

#19 Mzee wa Masafa
Zile 180 na 260 kwa WiFi ni zangu. Hewa imejaa.

#20 Mama Duka
Na hizo 580 kwa waya ni zangu.

#21 Mwana wa Likoni
Au zangu. Waya umeonyesha ndani ya nyumba ni 1 ms, taabu iko nje.

#22 Mlinzi wa Pakiti
Taratibu. 580 si umbali. Mwanga ndani ya mkongo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 10,000 kwenda na kurudi ni milisekunde 100. Na mchana ni 24. Hizo nyingine zaidi ya mia tano zinakaa kwenye foleni mahali fulani.

Swali ni foleni ya nani. Mimi naishuku ruta yenu wenyewe, upande wa kupandisha. Simu nyingi zimewekwa zipandishe picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni zikishika WiFi na chaji. Watu wanarudi saa mbili, wanachomeka chaja, simu zinaanza kupandisha picha za siku nzima. Kupandisha kukijaa, ruta za bei ya kawaida zinarundika pakiti kwenye kumbukumbu badala ya kuziacha, na kila kitu kinasubiri nyuma ya picha hizo, hata lile ombi dogo la kufungua ukurasa. Unaweza kuwa na megabiti 20 za kushusha zimelala bure na bado ukurasa usifunguke.

Jaribu hivi: usiku ukiwa na 580, shuka chini ya ngazi, chomoa nyaya za ghorofa nyingine kwenye swichi, acha yako. Ikirudi 24 papo hapo, foleni ni ya nyumbani. Ikibaki 580, ni ya kampuni.

#23 Kibaraza
Achomoe nyaya za wapangaji watano saa mbili usiku, taarifa ya habari inaendelea? Mlinzi unataka mwenzetu ahame nyumba.

#24 Fundi Nyaya
Kibaraza leo umesema kweli. Mpangaji, waage kwanza majirani.

Lakini wote mmeruka kitu kimoja. Ile dakika nzima bila jibu. Foleni inachelewesha, haiui dakika nzima halafu ikafufua. Nimekutana na hili kwenye nyumba za kupangisha, sikilizeni.

Simu ikiingia kwenye mtandao inauliza kwa sauti: nani atanipa anwani? Ruta inajibu: chukua 192.168.1.37, na mlango wa kutokea nje ni mimi, 192.168.1.1. Huduma hiyo inaitwa DHCP. Inatakiwa ijibu ruta moja tu ndani ya nyumba. Sasa mpangaji mmoja anunue ruta yake ya dukani, akiwa chumbani achomeke waya wa ukutani kwenye tundu lisilo lake. Nyuma ya ruta kuna tundu moja la rangi tofauti, la WAN, yaani la kwenda nje, na matundu manne ya LAN, ya vifaa vya ndani. Akichomeka kwenye LAN, ruta yake nayo inaanza kugawa anwani kwa nyumba nzima na kujitangaza kuwa mlango, wakati yenyewe haina njia ya kwenda nje. Akitoka asubuhi anaizima. Akirudi usiku anaiwasha. Mchana safi, usiku balaa, na mistari imejaa.

Mpangaji, usiku ikigoma, fungua maelezo ya WiFi kwenye simu uangalie pale palipoandikwa lango, ulinganishe na mchana.

#25 Dada wa Tanga
Fundi, hiyo ya tundu la rangi tofauti nimekwenda kuangalia yangu sasa hivi, la kwangu ni la bluu na manne ya njano. Kumbe. Na ule waya wenyewe una kanuni? Aliyenifungia aliukata akapanga rangi kwa kukisia, naona kasi haivuki 100 hata nikihamisha mafaili kati ya kompyuta zangu mbili.

#26 Fundi Nyaya
Dada, kanuni ipo na haikisiwi. Ukiwa umekishika kile kichwa cha plastiki, kilimi kimeangalia chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kijani, jozi yake imetenganishwa, bluu zimeingia katikati. Hapo ndipo wengi wanapopanga rangi kwa kufuatana tu, na waya unafanya kazi kwa kigugumizi.

Kasi ya 100 inatumia nyaya nne tu, ya 1, 2, 3 na 6. Kasi ya 1000 inataka zote nane. Mmoja ukigoma, vifaa vinashuka hadi 100 kimyakimya, taa zinawaka kama kawaida. Kata vichwa vyote viwili urudie. Uangalie pia kama waya ni shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba: ukiukwangua kwa kisu, ndani ukawa mweupe, ni alumini. Huo ukifika mita 60 au 70 unaanza kusumbua, wakati shaba halali inakwenda mita 100.

#27 Mswahili wa Muscat
Yakhe, salamu kutoka Oman. Kwetu hapa nyumba ni zege na kuta nene, WiFi ya sebuleni haifiki chumba cha kulala. Niliambiwa niweke ripita, nikaweka, mistari ikajaa na kasi ikashuka. Naona ni jamaa ya tatizo la Mpangaji.

#28 Mzee wa Masafa
Ni jamaa kabisa. Ripita ya redio moja inapokea na kurudia kwenye chaneli ileile, kila pakiti inasemwa hewani mara mbili, kwa hiyo kasi inakatika nusu hata ripita ikiwa nzima. Vuta waya hadi chumbani, weka aksesi pointi ya pili. Zile za meshi zenye redio ya tatu kwa ajili ya kuongea zenyewe kwa zenyewe zinasaidia, ila waya hauna mpinzani.

#29 Kibaraza
Nauliza kitu cha usalama. Mimi jina la WiFi yangu nimelificha, halionekani kwenye orodha. Hapo nimejikinga?

#30 Mlinzi wa Pakiti
Hujajikinga mkuu. Simu zako zinapoutafuta mtandao uliofichwa zinaita jina lake hewani, mwenye programu ya kusikiliza analiona. Kinachokulinda ni usimbaji wa WPA2 au WPA3 na nenosiri refu. WPA2 ni ya 2004, WPA3 ya 2018. Ukikuta ruta imewekwa WEP, hiyo ilivunjwa tangu 2001, iondoe leo. Na zima WPS ya namba ya siri, ile njia ya mkato ya kuunganisha vifaa: namba ni tarakimu nane, lakini ruta inazikagua kwa vipande viwili na ya mwisho ni ya ukaguzi, kwa hiyo majaribio hayazidi 11,000. Hilo lilitangazwa 2011 na ruta zenye mlango huo wazi bado zipo madukani.

#31 Mama Duka
Mlinzi nisaidie na hili. Vocha zangu zinamfunga mteja kwa anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho ya simu yake. Siku hizi simu zinabadilisha MAC kila zikiingia, mteja analipa asubuhi, jioni ruta inamwona mgeni.

#32 Mlinzi wa Pakiti
Kwa kawaida haibadiliki kila ikiingia, Mama. Android tangu toleo la 10, na iPhone tangu iOS 14, zinatunga MAC ya bandia kwa kila jina la WiFi, na kwa jina moja kawaida inabaki ileile. Inayokusumbua ni simu iliyobadilishiwa mpangilio huo, au wewe mwenyewe kuwa na majina mawili ya WiFi dukani, moja la 2.4 na jingine la 5. Akihama jina, ni mgeni. Yape jina moja.

#33 Mama Duka
Majina ni mawili kweli. Asante, nabadilisha usiku huu.

#34 Fundi wa Posta
Nimesoma uzi mzima. Mmemwonea fundi wa tatu. DNS nayo inaweza kutoa dalili hizi. Ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Seva ya DNS ya kampuni ikizidiwa usiku, kila ukurasa unasubiri jina lake kwanza. Mpangaji aweke 1.1.1.1 ya Cloudflare au hiyo 8.8.8.8 aone.

#35 Fundi Nyaya
Karibu mkuu. Ila rudi #18. Amepiga ping kwa namba, jina halikuhusika, na bado ni 580. DNS ingekuwa mkosaji peke yake, namba ingejibu kwa 24 na jina ndilo lingegoma.

#36 Fundi wa Posta
Peke yake, sawa. Nami nasema inaweza kuwa ya ziada. Nyumba moja inaweza kuwa na maradhi mawili.

#37 Mpangaji wa Sinza
Wakuu nimefuatilia. Mwenye nyumba amehamisha korido yetu kwenda chaneli 11, sasa ping ya ruta kwa WiFi hairuki tena, ni 3 hadi 8 usiku. Mzee shukrani sana. Lakini 8.8.8.8 bado ni 500 na ushee, na zile dakika za kufa bado zipo.

Lango nimeliangalia kama Fundi alivyosema. Mchana 192.168.1.1, usiku 192.168.1.1. Halijabadilika.

#38 Mlinzi wa Pakiti
Basi ruta ya jirani imetoka kwenye orodha. Narudi kwenye foleni ya kupandisha.

#39 Fundi Nyaya
Haijatoka. Ruta nyingi zinatoka kiwandani na 192.168.1.1. Ya jirani inaweza kuwa na anwani ileile na ya mwenye nyumba, na hapo ndipo ubaya unapozidi: mbili zinagombea jina moja, kompyuta inakwenda kwa iliyojibu mwisho. Dakika hii njia ipo, dakika ijayo haipo.

Mpangaji, andika `arp -a` kwenye ile dirisha nyeusi. Itakuonyesha 192.168.1.1 na pembeni herufi na tarakimu kumi na mbili, hiyo ni MAC ya ruta yenyewe, biti 48. Inatakiwa ilingane na iliyo kwenye kibandiko chini ya kiboksi cha kampuni, au ipishane nayo tarakimu ya mwisho tu. Iandike mchana, iandike usiku ikiwa polepole, na iandike ndani ya ile dakika ya kufa.

#40 Mpangaji wa Sinza
Nimefanya kwa waya. Mchana inaishia 3a-c1. Kibandiko nacho kinaishia 3A:C0. Usiku saa mbili na nusu, polepole: 3a-c1. Saa tatu kasoro, imekufa: 9e-04. Dakika mbili baadaye imerudi, 3a-c1, na ping 560.

#41 Fundi Nyaya
9e-04 ndiye mgeni wenu. Kuna ruta ya mtu imechomekwa kinyume humo ndani. Shuka na mwenye nyumba, gongeni mlango kwa mlango, mtafute kibandiko kinachoishia hivyo.

#42 Mlinzi wa Pakiti
Fundi hongera, dakika za kufa ni zako, sibishi. Lakini soma tena: saa mbili na nusu MAC ni ya ruta halali, na bado ilikuwa polepole. Iliporudi, halali tena, 560. Mgeni hahusiki na hiyo 560. Bado nataka nyaya zichomolewe kwenye swichi.

#43 Mwana wa Likoni
Na zikichomolewa ikabaki 560, mtanirudia mimi na njia ya nje. Mpangaji, ufanye na `tracert 8.8.8.8` wakati huohuo, yaonyesha kila kituo pakiti ipitapo, mstari kwa mstari, utuwekee mistari yote. Twataka kuona milisekunde zaanza kupanda kwenye mstari wa ngapi, wa pili au wa mbele zaidi.

#44 Mpangaji wa Sinza
Majirani wanne wamekubali, wa chini amesafiri hadi Jumatatu na mlango wake umefungwa. Ila waya wake kule kwenye swichi taa inawaka.

#45 Mama Duka
Amesafiri na taa inawaka? Chomoeni huo kwanza.